Nyuma Tuache Mwisho

3 Machi

Daktari wa presha amenipa daftari niandike vipimo vyangu kila asubuhi. Nimeandika siku chache nikachoka, maana namba hazina umbea. Kuanzia leo nitaandika ninachotaka. Akiuliza nitamwambia limeliwa na mbwa. Hatuna mbwa.

Leo nimelifunua gari la marehemu mwanangu. Yeye alikuwa akiliita Kiroboto. Ni gari dogo la milango mitatu, fupi la mgongo, kongwe kuliko binti yangu, na injini yake ni kubwa kuliko adabu yake. Ukiligusa mafuta linaruka. Alikuwa akilipeleka kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ambako Jumapili wenye magari ya namna hiyo hukutana wakazunguka mpaka matairi yanuke. Hawashindani wao kwa wao, kila mtu anashindana na saa. Mimi nimeendesha basi maisha yangu yote na sijaelewa mpaka leo kwa nini mtu azunguke asubuhi nzima ajikute palepale alipoanza.

Limekaa nyuma ya jiko chini ya turubai tangu polisi waturuhusu kulichukua. Mvua za misimu miwili zimelipitia. Ubavu wa mbele kushoto umeingia ndani, taa moja haipo, na ndani bado kuna harufu yake.

Binti yangu, ambaye ni mdogo wa marehemu, anataka lijengwe upya, lifanyiwe mambo yote ambayo kaka yake hakuyamaliza, kisha alizungushe uwanjani mvua zikiisha. Mchana anauza miwani dukani kwa upole kama muuguzi, lakini akishika usukani ni mtu mwingine. Mama yake amesema, "Fanyeni mtakavyo. Mimi uani sikanyagi."

Nimekubali kwa masharti mawili. Kazi ifanyike hapa nyumbani, na fundi awe Taratibu. Binti alinikumbatia. Amedhani nimesamehe.

Taratibu ndiye fundi aliyekuwa akilishika gari hili pamoja na mwanangu. Walikuwa marafiki tangu shule. Jumatano moja alibadilisha bushi za nyuma, zile mpira za kwenye maungio ya tairi. Jumapili yake, mvua ya kwanza ya msimu ikinyesha, mwanangu akiwa njiani kurudi kutoka uwanjani, mkia wa gari ulimpita kwenye kona ya kalavati. Alikuwa peke yake. Polisi waliandika mwendo kasi. Mke wangu alisema mbele ya watu wote msibani, "Jumatano alishika nyuma ya gari. Jumapili mwanangu amekufa." Tangu hapo hamtaji kwa jina. Anamwita yule.

Sijasamehe. Nataka nikae kwenye kiti changu uani nimwone anavyofunga nati. Kama ni mzembe, mikono yake itamsema, na sitamwachia mtoto niliyebaki naye.

6 Machi

Amekuja. Amekonda. Spana zake zimepangwa ndani ya kitambaa kwa ukubwa, zimekunjwa na kufungwa kamba. Akasema, "Shikamoo mzee," nami nikaitikia kwa sababu sikulelewa porini. Mke wangu alifunga dirisha la jiko kwa kishindo. Taratibu alilitazama dirisha, akainama kufungua kitambaa chake.

Alilizunguka gari mara kadhaa bila kuligusa. Alipofika nyuma hakusimama.

"Tuanze mbele, mzee," akasema. "Nyuma tuache mwisho."

9 Machi

Joto. Mawingu yanakuja na kuondoka.

12 Machi

Tumevua vitu vya ndani. Gari la uwanjani halitaki zulia wala viti vya nyuma wala redio. Kila kilo inayotoka ni faida, anasema binti. Chini ya zulia kulikuwa na mchanga, kifuniko cha kalamu na vocha ya simu iliyokwanguliwa. Nilivikusanya vyote kwenye kopo. Hakuna aliyeniuliza ni vya nini.

Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho, kwa ajili ya miguu yake mirefu. Binti alipokaa hakufikia klachi. Akanyoosha mkono akivute mbele, nikamwambia aache kwanza. Nikakaa mimi. Magoti yangu yalifika pale yalipokuwa yakifika yake. Kichwa cha gia kimelainika upande mmoja tu, upande wa kiganja chake. Nilikaa mpaka binti akaniita mara ya pili.

Kiti hicho kitatoka, kitawekwa kile cha kukumbatia mbavu. Nimekataa kiti cha abiria kiondolewe. Binti akasema uzito. Nikamwambia uzito ni mimi, na nitakaa hapo.

Nilichokiona leo kuhusu Taratibu: kila nati akimaliza kuikaza huipiga mstari wa rangi nyekundu ya kucha, kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma. Nati ikisogea, mstari unakatika, na unaona kwa macho bila kugusa spana. Binti akacheka.

"Kaka alikuiga mpaka hilo. Alinimalizia chupa yangu ya zambarau, nikagombezwa mimi kwa kupoteza vitu."

Taratibu hakucheka. Akaifunga chupa yake, akaenda kunawa.

18 Machi

Mvua ya kwanza.

Ilianza baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa kwenye baraza ya uani. Nilimsikia akija. Ni lazima niandike, kwa sababu mtu wa kumwambia sina. Mwanangu alikuwa na desturi yake pale konani, kabla ya geti letu: alipunguza gia na kugusa mafuta mara mbili, vum, vum, ndipo anaingia. Leo nimeisikia kwenye mvua, wazi kabisa. Nimeshuka ngazi nimelowa mpaka mabegani. Barabara ilikuwa tupu.

Geti nililikuta wazi, mabawa yote mawili, kama la mtu anayemsubiri mgeni. Taratibu alikuwa ameondoka muda mfupi kabla. Mtu asiyeweza kufunga geti ndiye namkabidhi breki.

21 Machi

Mvua tena. Geti wazi tena. Safari hii alikuwa bado yuko chini ya gari, nikamwambia palepale.

"Wewe kijana, hilo geti lina komeo. Si pambo."

Akatoka chini ya gari, uso wote grisi. Alitazama upande wa jiko, kisha akanitazama mimi.

"Samahani, mzee."

"Ndiyo mara ya pili."

"Samahani. Nitaangalia."

Nimeiweka moyoni.

27 Machi

Injini imeshuka. Imening'inizwa kwenye mabomba matatu chini ya mabati, na nyoka wa waya zake wamefungwa lebo. Taratibu amefungua silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, amekuta pistoni ziko salama. Ataongeza pumzi kidogo: njia za hewa zitasuguliwa zipanuke, na bomba la moshi litakuwa nene zaidi. Nikamuuliza kwa nini gari linalokwenda mbio tayari liongezewe mbio.

"Hata kusimama tunaliongezea, mzee. Disku za mbele kubwa, pedi mpya, mabomba ya breki mapya. Tutamaliza kusimama kabla ya kukimbia."

Jibu zuri. Linaniudhi jibu zuri kutoka kwake.

2 Aprili

Wamechomelea kizimba cha mabomba ndani ya gari. Likipinduka paa lisimwangukie dereva. Mke wangu alisikia mlio wa kuchomelea siku nzima. Jioni aliniuliza tu, "Lile bomba la pembeni, linapita juu ya kichwa?" Nikamwambia linapita. Akasema, "Haya," akaendelea kukunja nguo.

Kwa hiyo anachungulia.

5 Aprili

Mvua. Vum, vum. Sikushuka. Geti wazi.

8 Aprili

Mbele kumekamilika. Ubavu umenyooshwa, shokapu mpya, springi fupi, kila nati ina mstari wake mwekundu. Nimepita na spana yangu mwenyewe baada ya yeye kuondoka, nikajaribu moja moja. Hakuna hata moja iliyokubali. Niliingia ndani nimenuna kama mtu aliyeshindwa bao.

Nikamwambia, sasa twende nyuma. Akasema rejeta bado. Nikasema rejeta inaweza kusubiri. Akasema, "Nyuma tuache mwisho, mzee," bila kuinua uso. Hii ni mara ya ngapi sijui. Mtu anayeficha kitu huwa na sentensi moja anayoirudia. Abiria asiye na tiketi ndivyo anavyofanya, nimewaona wengi.

Kuna kitu huko nyuma. Mikono hii niliyoitazama mwezi mzima haijakosea hata mara moja, na bado kuna kitu huko nyuma. Mke wangu alikuwa sahihi na mimi sifurahi kuwa alikuwa sahihi.

11 Aprili

Presha juu. Nimeiandika kwa heshima ya daktari.

15 Aprili

Leo Taratibu hakuja, amekwenda kutafuta vipuri. Narudia ili nisijidanganye: leo hakuja kabisa.

Mvua ilianza baada ya adhuhuri. Nilikuwa chumbani, dirisha linalotazama geti. Mke wangu, ambaye hakanyagi uani tangu gari lifunuliwe, alitoka kwa mlango wa mbele akiwa na kanga kichwani. Hakukimbia. Alikwenda mpaka getini, akavuta komeo, akafungua bawa moja akaliegemeza ukutani, akafungua la pili. Akasimama kidogo akitazama upande wa konani. Kisha akarudi ndani, akapangusa miguu mlangoni, na nikasikia sufuria.

Nilikaa kitandani. Mwezi mzima namgombeza mtu kwa geti ambalo hakuligusa, na mwezi mzima mtu huyo ananiambia samahani. Alijua. Siku ile ya pili alitazama upande wa jiko kabla ya kunijibu, nami nikadhani anatafuta uongo.

Mtu anayekubali kubeba hili, amebeba nini kingine?

16 Aprili

Nitaandika pole pole.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilitia jeki nyuma ya gari, nikaweka stendi, nikatoa matairi, nikatandika gunia, nikalala chini na brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa. Binti alikuwa kazini. Taratibu alikuwa hajafika.

Tairi la nyuma la gari hili hushikwa na mkono wa chuma, na mkono huo umefungwa kwa bolti yenye kichwa cha duara kilichokaa kombo. Ukiizungusha bolti hiyo kidogo tu, tairi linageuka, ncha yake ya mbele ikatazama ndani au nje. Hata basi lina mambo ya namna hiyo, ingawa ni mbele. Nilianza upande wa kulia. Matope ya misimu miwili, kutu, halafu kutu nyingine. Nilipiga brashi mpaka bega likauma.

Kwanza ukatokea mstari mwekundu. Nusu yake iko kwenye chuma, nusu iko kwenye bolti, na nusu hizo hazikutani. Zimeachana kwa upana wa kidole. Nikasema, nimekushika. Nati yako ilisogea, na mwanangu akafa.

Nikamwaga mafuta ya taa, nikapiga brashi tena ili nione vizuri, niwe na cha kumwonyesha. Ndipo chini ya kutu ukatokea mstari mwingine. Huo ulipita kutoka kwenye bolti mpaka kwenye chuma bila kukatika popote, mzima, umenyooka, umechorwa kwa mkono wenye haraka kidogo. Rangi yake ni zambarau.

Nikahamia kushoto. Ni vilevile. Mwekundu umeachana, zambarau ni mzima.

Bolti hazikusogea zenyewe. Kuna mtu aliyezilegeza, akazigeuza, akazikaza sawasawa, akaweka alama yake kama alivyofundishwa na rafiki yake, kwa rangi aliyoiiba kwa dada yake.

Nililala pale chini. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati, na nilisikia tone moja moja. Nilitaka kuupiga brashi mstari ule uondoke. Nilikuwa na brashi mkononi. Nilishindwa, kwa sababu mkono uliouchora ni ule ule uliolainisha kichwa cha gia, na kilichobaki cha mkono huo ni kidogo sana.

17 Aprili

Jana nilijifungia, nikampigia Taratibu simu asije, naumwa. Leo nilimngojea Taratibu getini. Aliliona gari liko juu ya stendi upande wa nyuma, akasimama. Akaweka chini mkoba.

"Umepiga brashi," akasema.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu yadi ya polisi. Nililala chini yake palepale, kabla hamjalichukua."

"Kwa nini hukusema?"

Alikaa kwenye tairi, akafuta mikono ambayo bado ilikuwa safi.

"Mzee, ningesema lini? Pale msibani, mama amenikazia macho, nisimame niseme marehemu alizigeuza mwenyewe? Kuna mtu anaweza kusema hivyo na jeneza liko pale?"

"Watu wamekuita muuaji."

"Wameniita."

"Na baada ya msiba?"

"Baada ya msiba mama alikuwa na mtu wa kumkasirikia. Ningejitoa mimi, angebaki nani?"

Akaendelea bila kuulizwa, kama mtu aliyechoka kushika mlango.

"Aliniomba mimi nimwekee hivyo. Matairi ya nyuma yatazame nje kidogo, mkia uwe mwepesi kwenye kona. Lami ikiwa kavu, uwanjani, ni raha. Lami ikilowa, ukiachia mafuta katikati ya kona, mkia unakupita. Nilikataa. Nikamwambia, ukitaka kujaribu, jaribu uwanjani, na uzirudishe kabla hujashika barabara. Akasema sawa."

"Hakuzirudisha."

"Labda mvua ilimharakisha. Labda alisahau. Labda alijiona anaweza." Akatikisa kichwa. "Hilo ndilo silijui, mzee, na ndilo nalala nalo."

Nikamuuliza basi kwa nini alikubali kuja hapa, kwenye nyumba inayomfungia dirisha.

"Mikono mipya ya nyuma ninayo nyumbani. Nilitaka siku moja nikukute umesinzia kwenye kiti chako, niibadilishe, ile ya zamani niipeleke kwenye chuma chakavu. Ingeisha hivyo. Tatizo husinzii."

Nilicheka. Sikutaka, ila nilicheka, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, na Taratibu akatazama pembeni mpaka nilipomaliza. Nikamuuliza kuhusu geti.

"Nilimwona mama siku ya kwanza," akasema. "Yeye naye aliniona. Hakuna aliyesema kitu."

20 Aprili

Mikono ya zamani imetoka, na bolti zake zimerudishwa ndani mistari ikutane. Taratibu ameniachia mimi niamue. Nimeifunga kwenye gunia, nimeiweka chini ya benchi. Napita hapo mara nyingi bila kazi.

Binti nimemwambia. Swali lake lilikuwa moja, "Ile chupa yangu?" Kisha akaingia ndani, na nikasikia bomba la maji limefunguliwa likaachwa linamwagika.

22 Aprili

Mvua kubwa. Nilimsikia akija konani. Geti lilikuwa wazi, nikaliacha.

24 Aprili

Nimemwambia mama yake.

Nilipiga moyo konde asubuhi, nikaahirisha mpaka mchana. Alikuwa jikoni anakunja nguo. Nilikaa, nikamweleza yote, bolti, mistari, nini kilikataliwa na nani aliyekifanya. Hakuacha kukunja. Nilipomaliza akasema, "Anamsingizia maiti."

"Hakuniambia yeye. Nimeona mwenyewe."

"Umeona rangi."

Nikaenda nikaleta gunia. Niliweka ule mkono wa chuma mezani juu ya shati nililolikunjua makusudi, nikaugeuzia dirishani. Aliutazama. Akapitisha kidole gumba juu ya mstari wa zambarau, mwanzo mpaka mwisho, akarudi tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilimgombeza yule mtoto kwa chupa hii. Nikamwambia hajui kutunza vitu."

Akaugeuza ule mkono wa chuma upande wa pili.

"Kwa hiyo ni mkono wake," akasema.

"Ni mkono wake."

"Na yule alijua siku zote."

"Alijua."

Nilidhani atalia. Badala yake aliniambia habari ya geti, ambayo sikumuuliza. "Siku ile mvua ilipoanza nikasema, ngoja nimfungulie, asije akashuka akalowa. Nikafungua mabawa yote mawili. Nikaacha wazi mpaka watu wa polisi walipoingia kwa hilohilo geti. Sasa mvua ikianza tu miguu inakwenda yenyewe. Najua hayupo. Mimi si kichaa."

"Na mimi humsikia akipunguza gia pale konani," nikamwambia.

Akainua uso. "Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi ndiye," akasema, akachukua shati lingine. Tumeishi chumba kimoja na mzimu mmoja misimu yote hii, kila mtu akimficha mwenzake.

25 Aprili

Hajasema kitu.

27 Aprili

Hajasema kitu. Dirisha la jiko lilikuwa wazi Taratibu alipokuja. Lakini mke wangu hakumsalimia.

30 Aprili

Mvua zinapungua. Injini imerudi mahali pake na imewaka kwa mara ya kwanza. Vikombe vilitetemeka kabatini. Binti alikuwa ndani ya kiti kipya, mikanda imembana, miguu inafika. Akagusa mafuta mara mbili kupima, vum, vum, na pale jikoni kitu cha kioo kikaanguka kikavunjika. Tulizima.

3 Mei

Leo wameweka mikono mipya ya nyuma. Taratibu amevuta uzi kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele, pande zote, amepima, amegeuza bolti kidogo, amepima tena. Matairi ya nyuma yanatazama ndani kidogo tu, kama inavyotakiwa barabarani. Binti alisema uwanjani atapoteza sekunde. Taratibu akamjibu, "Zipotee."

Alikuwa amekwisha kukaza, anafungua chupa yake nyekundu, wakati mke wangu alipotoka kwa mlango wa jiko. Ni mara ya kwanza msimu huu wote. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Mkononi alikuwa na kichupa kipya cha rangi ya kucha, na bado kilikuwa na bei.

Taratibu alisimama haraka. "Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema. Akamtazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka kichwani. "Umekonda."

"Kazi, mama."

"Sio kazi." Akapiga magoti kwenye gunia, na kanga yake nzuri. "Ni zipi?"

Taratibu hakuelewa mara moja. Alipoelewa alilala chini kando yake, akamwonyesha kwa kidole, hii, na ya upande ule. Mke wangu alifungua kichupa. Ilikuwa zambarau. Alichora mstari kutoka kwenye bolti mpaka kwenye chuma, taratibu sana, akitoa ulimi kidogo kama anayetunga uzi kwenye sindano. Akahamia upande wa pili akachora na huo. Kisha akabaki amepiga magoti, mkono mmoja umeshika chuma.

"Huu ni wangu," akasema. "Mtu asiuguse."

"Hautaguswa, mama."

"Mwanangu." Nadhani alikuwa anasema na Taratibu. Sina hakika, na sikuuliza. "Nilikutukana mbele za watu. Nitakuja kukusafisha mbele ya watu walewale. Nyumba kwa nyumba."

Taratibu alisema si lazima. Mke wangu akamwambia anyamaze.

7 Mei

Siku mbili mke wangu hayupo nyumbani mchana. Anazunguka. Anarudi miguu imevimba, anakunywa maji, halafu haniambii alikuwa kwa nani.

11 Mei

Uwanja umefunguliwa leo. Mwanangu alizunguka pale Jumapili nyingi nami sikwenda hata moja, nilisema nina basi la kuendesha. Ni lami pana iliyopasuka, nyasi kwenye mianya, matairi ya zamani yamepangwa kuonyesha kona. Watu walilijua gari kabla ya kutujua sisi. Walikuja mmoja mmoja wakaligusa paa.

Binti alizunguka. Nilisimama na Taratibu kwenye uzio. Kiroboto kilipopita mbele yetu kilikuwa na sauti ileile, na mara mbili nilijikuta nimefungua mdomo nimwite kwa jina la kaka yake. Kona ya mwisho mkia ulisogea kidogo ukarudi. Taratibu alikuwa anahesabu kwa midomo. Alipotoka, binti alivua kofia, nywele zimelowa jasho, na sijamwona na uso ule tangu msiba. Nililala chini ya gari na tochi. Mistari ya mama yake ilikuwa mizima.

Tuliondoka alasiri, Taratibu mbele na gari lake la kazi, sisi nyuma yake, mimi kwenye kiti changu cha uzito. Nusu ya njia mvua ikaanza. Hakuna aliyeitarajia, msimu ulikuwa umekwisha. Lami ikawa nyeusi, wiper moja ikifanya kazi ya mbili. Mbele yetu ni kona ya kalavati. Nilitaka kumwambia mtoto asimame tungoje iishe. Nikamtazama mikono. Alikuwa amepunguza mapema, ameshika usukani kama ninavyoshika mimi, bila kuukaba. Taratibu aliwasha taa za hatari akaingia pole. Sisi tukafuata. Chini ya kiti nilisikia matairi ya nyuma yakikata maji, nikangoja yaachie. Hayakuachia. Tukapita kalavati, na jiwe jeupe tulilosimika pale, na tukaendelea.

Tukafika mtaani kwetu. Pale konani kabla ya geti, binti alipunguza gia na kugusa mafuta mara mbili. Sijui kama anajua kuwa amefanya hivyo.

Geti lilikuwa wazi, mabawa yote mawili. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mvua kando ya nguzo, kanga kichwani, ametazama konani. Alituona. Hakusogea mpaka gari lilipompita, akaweka kiganja kwenye kioo cha upande wa binti, akakiondoa. Tukaingia mpaka chini ya mabati. Binti akazima injini. Tulibaki tumekaa, bati likipigwa na mvua, nami nikageuka kutazama nyuma.

Alifunga bawa moja, akafunga la pili. Kisha nikasikia komeo likiingia mahali pake.